Sauti nzuri haitoshi, mdogo wangu. Mpira uko wapi?

Mdogo wangu wa Kayole, umeuliza kama unaweza kuwa mtangazaji wa michezo bila kupitia chuo, kwa vile mtaa mzima unaisifu sauti yako. Nimetangaza mpira na riadha hapa Nairobi miaka 11, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyapitia.

Mimi pia nilianza kwa kusifiwa sauti. Nikarekodi kwa simu mechi ya vijana pale Camp Toyoyo, Jericho, nikampelekea mzee mmoja fundi mitambo aliyefanya kazi redioni tangu enzi za Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya zamani. Alisikiliza dakika tatu, macho kayafumba, kisha akazima. "Kijana, mpira uko wapi?" Nilikuwa nimetaja majina na kupaza sauti, lakini hata mara moja sikusema kama mpira uko wingi ya kulia au ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Masikio yake yalizoea watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela, ambao baba zetu waliwasikiliza wakauona uwanja wote wakiwa sebuleni.

Tangu siku hiyo nasema nani anao, yuko wapi, nani anamkaba, timu gani inashambulia lango lipi. Matokeo na dakika nayarudia mara kwa mara, maana kuna mtu amepanda matatu sasa hivi na hajui lolote. Fika saa nzima mapema, omba orodha ya wachezaji, ziandike namba na majina kwenye kadibodi kwa mpangilio wa uwanjani. Jina likikutatiza, muulize mwenyewe analitamkaje. Mama yake huenda anasikiliza.

Na usikodolee macho debi ya Gor Mahia na AFC Leopards peke yake. Hii ni nchi ya riadha, na wanaoijua kuitangaza ni wachache. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Sekunde 65 kwa kila mzunguko ni dakika 27 na sekunde 5. Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, mzunguko mmoja ukikimbiwa kwa 61 unamwambia msikilizaji kuwa kuna aliyeamua kuwachosha wenzake, hata kama bado wamefuatana.

Chuo kinasaidia, karo ikipatikana: utajifunza kuhariri sauti na sheria za habari. Ila kuhusu pesa nakuomba unisikie. Kituo kimoja kilinitumikisha miezi minne kwa ahadi za mdomo, kodi ya nyumba ikanishinda. Usitangaze msimu bila mkataba wa maandishi.

Jumamosi nenda Toyoyo, rekodi dakika kumi tu. Mpe mtu ambaye hakuwepo asikilize, halafu umwombe akuchoree kwenye karatasi bao lilivyoingia.