Vidoa vya Damu kwenye Ngozi ya Wazee: Maswali ya Wasomaji

Shikamoo, daktari. Mama yangu ana miaka 67. Kifuani na tumboni amejaa vidoa vyekundu vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti. Je, damu yake imechafuka? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba. Damu ya mama haijachafuka. Vidoa hivyo ni mishipa midogo sana ya damu iliyoongezeka na kutanuka karibu na uso wa ngozi; huanza kujitokeza mtu akishavuka miaka 30, na huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kwa kawaida havizidi milimita 5. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana vya zambarau au karibu vyeusi, na ndiyo sababu wengi huvidhania kuwa chunjua. Campbell De Morgan, daktari mpasuaji wa London katika karne ya 19, alivihusisha na saratani, lakini dhana hiyo haikuthibitika.

Babu yetu alivua samaki miaka mingi. Mdomo wake wa chini una kivimbe laini cha rangi ya bluu iliyokoza. (Msomaji, Kigamboni)

Inaelekea ni mshipa wa vena uliotanuka, jambo ambalo huwapata wazee waliopigwa na jua muda mrefu, hasa mdomoni na masikioni. Ukikibonyeza taratibu hunywea na kufifia, kisha damu hurudi. Hata hivyo, mpelekeni kwa daktari wa ngozi akitazame, kwa kuwa kivimbe kigumu, chenye kidonda au kisichofifia kinahitaji uchunguzi.

Je, kidoa au kivimbe kama hicho naweza kukifunga uzi au kukikata kwa wembe? (Msomaji, Tandika)

Nakusihi usifanye hivyo. Damu inaweza kutoka kwa wingi, hasa kwa mzee anayetumia aspirini, kidonda kikaoza, na kovu likavimba kupita jeraha lenyewe. Kibaya zaidi, kama kilikuwa saratani, utakuwa umetupa kipande ambacho maabara ingekipima. Hospitalini kinaweza kuondolewa kwa umeme au leza. Kugandisha kwa baridi kali nako hutumika, ila huweza kuacha baka jeupe kwenye ngozi yetu, basi muulize daktari kwanza.

Ni lini niwe na wasiwasi? (Msomaji, Ubungo)

Kidoa kikikua ndani ya wiki chache au kikitoka damu bila kuguswa, nenda hospitali. Madoa ya zambarau miguuni pamoja na uvimbe yasisubiri hata kidogo: huenda ikawa saratani ya Kaposi, ambayo Afrika Mashariki iliwapata watu, hasa wanaume, hata kabla ya Ukimwi. Doa jeusi linalotanuka kwenye wayo nalo lionwe mapema.