Uliza Ujibiwe: Intaneti ya simu ya mezani ilirahisishwaje?

Toleo lililopita niligusia enzi za modemu, kile kifaa kilichounganisha kompyuta na intaneti kupitia laini ya simu, kwa mistari michache tu, na barua zimemiminika. Kwa wasionifahamu, wakati huo nilikuwa dawati la msaada la mtoa huduma wa intaneti, nikipokea simu za wateja wa majumbani. Barua nyingi zimeuliza mambo yanayofanana, hivyo nimechagua hizi ziwawakilishe wote.

*Shikamoo Mama. Mwalimu wetu wa kompyuta anasema kilichowaingiza watu wa kawaida kwenye intaneti ni kivinjari chenye picha. Wewe uliandika kwamba kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla kivinjari hakijafunguka. Naomba ufafanuzi. — Mwanafunzi, mwaka wa pili*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako ana haki yake. Kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993, kazi ya vijana wa NCSA, kituo cha kompyuta kubwa pale Chuo Kikuu cha Illinois, ndiyo iliyowatia watu hamu. Lakini mwenye hamu hajaingia bado, na mimi niliongea kila siku na watu wenye hamu waliokwama mlangoni.

Chukua kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1994 yenye Windows 3.1. Ndani yake haikuwa na TCP/IP, yaani haikujua kuzungumza na kompyuta nyingine za intaneti. Ilikubidi utafute programu ya pembeni, na iliyovuma ilikuwa Trumpet Winsock ya Peter Tattam wa Tasmania, Australia. Aliwaachia watu waijaribu kwanza, wakiridhika walipe. Walioitumia ni wengi, na wengi wao hawakumlipa kitu. Jambo hilo linanichoma mpaka leo, maana mtu yule aliwafungulia njia watu ambao kampuni kubwa zilikuwa bado hazijawafikiria.

Ukishaiweka, inakuletea dirisha la kujaza: anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kompyuta mtandaoni), anwani ya seva ya majina (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba hizo), jina la kikoa, MTU (ukubwa wa kipande cha data), namba ya bandari ya modemu, kasi ya bandari. Anayejaza ni nesi, fundi seremala, mzazi aliyemnunulia mtoto kompyuta. Tarakimu moja ikikosewa, hakuna ujumbe unaomwambia amekosea wapi. Modemu inalia vizuri, inashika laini, kisha kivinjari kinakaa kimya. Mteja anaamini ameuziwa kompyuta mbovu.

Baada ya hapo kulikuwa na skripti ya kuingilia, na hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Seva ya upande wetu ilikuwa ikituma neno "login:" na kusubiri jina la mtumiaji, kisha "Password:" na kusubiri neno la siri. Skripti ilikuwa maagizo ya kuiambia kompyuta ya mteja: ngoja mpaka uone neno hili, halafu tuma hili. Ukiwa makini utaona skripti nyingi za wakati ule zinasubiri "ogin:" na "ssword:", herufi za mwanzo zimekatwa. Hazikukatwa kwa bahati mbaya. Seva moja iliandika neno hilo kwa herufi kubwa, nyingine kwa herufi ndogo, na herufi ya kwanza ndiyo iliyoweza kupotea laini inaposhikana. Aliyeandika "ogin:" alikuwa salama kokote. Huo ni ujuzi mzuri wa mafundi, lakini niambie, kwa nini mama anayetaka kumwandikia mwanawe aliye mbali aujue?

Na kulikuwa na kero ambayo vitabu havisemi. Nyumba ilikuwa na laini moja ya simu. Mteja akinipigia, modemu haiwezi kupiga. Modemu ikipiga, mimi simsikii. Kwa hiyo maongezi yalikwenda hivi: "Baba, chukua kalamu. Andika hiyo namba ya kwanza, nisomee tena. Sasa kata simu, jaribu, ukiona imegoma soma maneno ya mwisho kwenye skrini, yaandike, unipigie." Anakata. Anajaribu. Anarudi kwenye foleni, na pengine anampata mwenzangu ambaye hajui tulipoishia. Jambo la dakika tano likala jioni nzima. Tulijifunza kuandika kila hatua kwenye daftari la mteja, ili yeyote atakayepokea simu aendeleze palepale.

Ndipo nakuja kwenye jibu lako. Kilichoondoa mateso yale ni PPP, itifaki, yaani kanuni za kompyuta mbili kuzungumza kwenye laini ya simu. Kabla yake wengi walitumia SLIP, iliyoelezwa kwenye RFC 1055 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1988. SLIP ilikuwa ndogo na nyepesi, ila haikuwa na njia ya kompyuta mbili kuambiana anwani zao, wala ya kugundua data iliyoharibika njiani. Ndiyo maana mteja alijaza kila kitu kwa mkono. PPP, ambayo RFC 1661 ya Julai 1994 ndiyo iliyoiweka katika sura tunayoifahamu, inafanya mashine zenyewe zikubaliane. Zinapatana kwanza kuhusu laini, kisha mteja anatambulishwa kwa jina na neno la siri kupitia PAP au CHAP, njia mbili za utambulisho, halafu seva inampa anwani ya IP ya kutumia kwa muda huo. Skripti ikafa. Anwani ya IP ikaondoka kwenye fomu. Kilichobaki kwa muda ni anwani za seva ya majina, nazo zikapata njia ya kusafiri ndani ya PPP kwa nyongeza ya RFC 1877 ya Desemba 1995.

Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995 ilikuja na TCP/IP na PPP ndani yake. Kuanzia hapo, mteja aliyenipigia nilimwomba aweke mambo matatu: namba ya simu, jina, neno la siri. Maongezi yalifupika, na sauti za wateja zikabadilika. Watu waliacha kuomba radhi kwa "ujinga" wao. Ujinga haukuwa wao hata siku moja. Fomu ndiyo ilikuwa mbaya. Kwa hiyo mwambie mwalimu wako kwa adabu kwamba mbele ya kivinjari aweke pia wale walioandika itifaki ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiona.

AOL, kampuni ya huduma za mtandao ya Marekani, ilipita njia nyingine: programu yake, mtandao wake, yote kwenye diski moja iliyotumwa kwa posta. Ndani ya bahasha kulikuwa na namba ya usajili na neno la siri la muda, maneno mawili ya kawaida yaliyounganishwa kwa kistari. Programu ilipiga yenyewe namba ya bure, ikaleta orodha ya namba za karibu na mteja, naye akachagua. Usanifu ule nauheshimu sana. Desemba 1996 wakaacha kuhesabu saa na kutoza dola 19.95 kwa mwezi, watu wakakaa hewani bila hofu ya bili, na laini zikawa bize kupita kiasi. Kumbe urahisi nao unahitaji modemu za kutosha upande wa pili.

*Habari za kazi dada. Natengeneza muziki, na ile milio ya modemu nimeitia kwenye biti. Nimeulizwa ni milio ya nini, nikakosa jibu. — Mtengeneza biti*

Nzuri, mdogo wangu. Kwanza ni mlio wa laini, kisha namba zinabonyezwa. Upande wa pili ukipokea unatoa mlio mmoja mrefu mwembamba wa 2100 Hz. Mlio ule unaiambia mitambo ya simu izime vizuia mwangwi, maana vifaa hivyo viliwekwa kwa ajili ya mazungumzo ya watu na vinaivuruga modemu. Kisha modemu zinaulizana kila moja inajua kanuni zipi. Baada ya hapo, kwa zile za V.34 (kanuni ya modemu za kasi ya wakati huo), zinapima laini: zinatoa milio mingi kwa mpigo kuanzia 150 Hz hadi 3750 Hz, na kila upande unasikiliza ipi imefika na ipi imefifia. Ule mvumo mkali wa mwisho, unaofanana na mvua kwenye bati, ni data iliyochanganywa makusudi ili modemu zijirekebishe.

Spika iliachwa wazi kwa faida ya mwenye kompyuta. Ukisikia mlio wa bize, unajua. Ukisikia mtu anasema "haloo, haloo," unajua umekosea namba na unamsumbua mtu. Modemu zikishashikana, spika inajizima. Wasiotaka kelele waliandika ATM0, amri ya kuizima spika. Mimi niliwashauri wateja waiache, kwa sababu nilimwambia mteja asogeze mkonga wa simu ya jirani karibu na modemu, nikasikiliza, nikajua tatizo liko wapi bila yeye kusoma chochote.

*Kwa nini intaneti ilikatika mtu akiinua simu chumba kingine? — Msomaji wa siku nyingi*

Kwa sababu simu zote za nyumba zilikuwa kwenye waya uleule. Ukiinua mkonga, umeme wa laini unabadilika na sauti za chumbani zinaingia katikati ya data. Simu ya pili inayobisha hodi ilileta shida hiyohiyo. Huko Marekani Kaskazini dawa ilikuwa kuanza na *70 kabla ya namba, ikifuatiwa na mkato, maana mkato kwenye amri ya kupiga ni "subiri kidogo". Mteja hakuhitaji kuikumbuka. Tuliiandika mara moja kwenye sehemu ya namba, basi.

*Modemu ya baba iliandikwa 56K lakini skrini haikuonyesha 56 hata mara moja. Tulidanganywa? — Mtoto wa fundi redio*

Hukudanganywa, ila uliambiwa kiwango cha juu bila masharti yake. Mtandao wa simu hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na katika kila kipimo modemu hizo ziliweza kutumia biti 7 kwa uhakika. Ukizidisha unapata biti 56,000 kwa sekunde, ndiyo 56K. Lakini hilo linawezekana tu kama mtoa huduma ameunganishwa kidijitali, na sauti inageuzwa kuwa ya analojia mara moja tu, karibu na nyumba yako. Waya mrefu, maungio mabovu, ubadilishaji wa pili katikati, vyote vinashusha kasi. Marekani sheria ya nguvu ya mawimbi ilizuia hata laini nzuri isipite 53.3K. Na kupandisha faili, kwa kanuni ya V.90 ya mwaka 1998, mwisho ni 33.6K.

Kama modemu ya baba ilikuwa ya nje, kulikuwa na kikwazo kingine ndani ya kompyuta. Chipu ya zamani ya bandari, 8250, inashika baiti moja tu kwa wakati. Kompyuta ikichelewa kuichukua, inayofuata inaifuta. Chipu ya 16550A inashika baiti 16, na kuibadilisha peke yake kuliondoa malalamiko mengi ya "faili linafika limekatika". Kwa kukupa picha, faili la megabaiti 1 kwa modemu ya 28.8K lilichukua kama dakika 5, na kwa 14.4K kama dakika 10. Likikatika kwenye dakika ya 9, mtu analia kweli.

*Dada yangu, nimestaafu na nimeitoa stoo kompyuta ya Windows 95 na modemu ya nje ya 28.8K. Wajukuu wanataka kuiona ikiingia mtandaoni. Inawezekana? — Mstaafu*

Shikamoo kaka. Inawezekana, ila si kwa njia ile ya zamani. AOL wenyewe walizima huduma yao ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. Na laini nyingi za leo husafirisha sauti kwa vipande kupitia intaneti yenyewe; sikio la mtu halisikii kipande kilichochelewa, modemu inakisikia na kukata. Hata ukiingia, kivinjari cha mwaka 1995 hakiwezi kufungua tovuti za sasa, kwa sababu usimbaji (njia ya kuficha data isisomwe njiani) ambao tovuti hizo zinaudai hakikuwahi kuujua.

Njia ninayoipenda ni hii. Tafuta modemu ya pili na kompyuta yenye Linux, uziunganishe modemu zote mbili kwenye swichibodi ndogo ya ofisi yenye laini za ndani. Linux ikiwa na pppd, programu yake ya PPP, inakuwa mtoa huduma wako, na wajukuu watasikia milio yote kama ilivyokuwa. Kwa kurasa za kutazama, weka zako mwenyewe kwenye hiyo Linux, kurasa nyepesi zenye picha za familia.

Kabla ya yote, angalia adapta ya umeme. Baadhi ya modemu za nje zinataka AC, siyo DC, hata kama tundu linaingiliana. Soma maandishi chini ya modemu. Ukishaiwasha, fungua HyperTerminal, chagua bandari, andika AT na ubonyeze Enter. Ikijibu OK, modemu yako ni nzima. Ikikataa kupiga kwa madai kwamba haisikii mlio wa laini, ni mlio wa swichibodi haiutambui: andika ATX3, kisha upige tena.