"Huyu ndiye wa jikoni": kumlinganisha mtoto na dadake mbele za wageni

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina mabinti wawili. Mkubwa ameshahifadhi juzuu 10, mdogo bado yuko Juzuu Amma (ya mwisho, yenye sura fupi) na husoma kwa kugugumia. Wakija wageni, baba yao humwita mkubwa asome, kisha humwonesha mdogo: "Huyu ndiye wa jikoni, kichwani hamna kitu." Watu hucheka. Nikimkataza hujibu kwamba anasema kweli, tena anamtia hamasa. Je, ana dhambi? Na mimi kukueleza haya, nimemsengenya?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Nianze na la mwisho, ndilo jepesi. Hind bint Utba alimwendea Mtume (s.a.w.) akalalamikia ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, akajibiwa wala hakukemewa. Muulizaji wa fatwa hasengenyi. Vivyo hivyo kumweleza ustadhi au daktari kwamba mwanao ana uzito wa kusoma. Huko ni kumtafutia msaada.

Ama mumeo, "nasema kweli" haimwokoi. Mtume aliulizwa: je, kama lisemwalo limo kweli ndani ya mtu? Akajibu kuwa hiyo ndiyo ghiba (kusengenya), lisipokuwemo, umemzulia. Na hapa mtoto yupo, anasikia kicheko. Hiyo ni dhihaka, na Suratul Hujurat aya ya 11 imeikataza bila kumvua baba. (Wageni wanaocheka nao wana fungu lao.)

Kumsifu mkubwa si vibaya. Ubaya ni kumtweza mdogo ili mkubwa aonekane. Bashir, sahaba wa Mtume, alipotaka Mtume ashuhudie zawadi aliyompa mwanawe Nu'man peke yake, aliulizwa kama wanawe wote amewapa mfano wake. Akasema la. Katika riwaya iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Muslim, akaulizwa pia kama angependa wote wawe sawa katika kumtendea wema. Akasema ndiyo. Akaambiwa: basi usifanye. Ile ilikuwa mali. Sifa za baba mbele za watu, kwa mtoto, huenda zikazidi mali.

Tena mumeo ana mfano mwema wa kusemea tofauti ya uwezo hadharani. Katika hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume amesema kuwa mahiri wa Qur'ani yu pamoja na Malaika waandishi watukufu, na anayeisoma kwa kugugumia, nayo ikimuwia ngumu, ana malipo mawili. Kauli moja, watu wa aina mbili, na kila mmoja ameondoka na heshima yake. Hakuficha kwamba mmoja anajua zaidi.

Usimjibu mumeo mbele ya wageni wala mbele ya mabinti. Mkiwa wawili, msomee hadithi hiyo, na umwombe ampoze mdogo kwa kauli yake mwenyewe, maana msamaha ukiletwa na mama hautamfika. Siku nyingine akitaka kuwaita wasome, awaite wote wawili, mdogo atangulie na sura anayoimudu, hata ikiwa ni Al-Kawthar yenye aya 3, na aambiwe "baarakallahu fiiki" (Mungu akubariki) kama dadake.

Wallahu aalam.