Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Ardhi Hiyo Imepangiwa Nini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayefanya biashara ya vitenge, akinieleza kwamba ameonyeshwa nusu ekari karibu na Mto Kizinga, huku kwetu Temeke, kwa bei ambayo siku hizi ni vigumu kuisikia ndani ya Dar es Salaam. Aliniuliza jambo moja tu: muuzaji ana karatasi za serikali ya mtaa na majirani wote wanamfahamu, je, anunue? Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu swali hilo ndilo nililojiuliza mwenyewe mwaka 2013, na jibu nililojipa lilimaliza akiba ya miaka 11 ya ualimu.

Nami nilinunua katika bonde hilo hilo. Nilikwenda na shemeji yangu, tukapima kwa hatua, majirani wakashuhudia mipaka, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri, nikalipa. Sikuwa mzembe, na hilo nalisema bila kusita. Nilikwisha kusikia habari za mita 60 kutoka mtoni, ambazo Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inazitaja miongoni mwa ardhi hatarishi, na ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza zisifanyiwe shughuli za kudumu. Kwa hiyo nilinunua tepu ya kupimia, nikashuka mtoni mwezi Januari, nikapima mwenyewe kuanzia penye maji hadi mahali nilipokusudia kuchimba msingi. Nilipata mita 74, nikarudi nyumbani moyo ukiwa umetulia.

Kipimo kile kilikuwa na kosa, kwa kuwa Januari maji ya Kizinga hupungua na kujikusanya katikati, ilhali umbali huhesabiwa kutoka kwenye ukingo wa mto, ambao masika huujaza wote na mafuriko huumega mwaka hadi mwaka. Lakini kosa hilo lilikuwa dogo. Kosa kubwa ni kwamba nilihangaika na mto na mipaka, nikahangaika na uaminifu wa muuzaji, wala sikumuuliza mtu yeyote ardhi ile imepangiwa matumizi gani.

Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta nilipokuta alama ya X nyekundu ukutani. Nilikwenda ofisi za mipango miji nikiwa na hasira na bahasha yangu ya mikataba. Afisa aliyenipokea hakunifokea. Alifunua mchoro mezani, akanionyesha nilipo, na sehemu yote ile ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Akaniambia, "Mama, hatubishani kwamba eneo ni lako. Tunachosema ni kwamba eneo hili halikupangwa kuwa makazi." Sehemu ya chini ilikuwa hifadhi ya bonde, na sehemu ya juu, pale nilipojenga, ilikuwa kilimo cha mjini. Hata kama mita zangu 74 zingekuwa sahihi kabisa, zisingenisaidia chochote.

Kumiliki ardhi na kuruhusiwa kuitumia utakavyo ni mambo mawili, na wengi wetu tunaliuliza moja tu. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri, nayo ndiyo inayogawa ardhi ya mji kuwa makazi, biashara, viwanda, kilimo, maeneo ya wazi na hifadhi. Serikali ya mtaa haina mamlaka hayo. Mhuri wake unathibitisha kwamba fulani amemuuzia fulani, basi; hauwezi kuligeuza shamba kuwa kiwanja. Kwa hiyo, msomaji wangu, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uombe kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Usimtume dalali. Nenda mwenyewe.

Wapo watakaokuambia kwamba neno kilimo katika mchoro wa jiji maana yake ni ardhi iliyosahauliwa, inayowangoja wajenzi. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaamini. Ukweli ni kwamba kilimo cha mjini ni matumizi halali yanayotambuliwa kwa muda mrefu, na yana mipaka yake. Kanuni za mwaka 1992 zilimwekea mtu mmoja kikomo cha ekari 3. Sehemu kubwa ya mchicha na matembele tunayokula jijini hutoka katika mabonde haya haya. Inawezekana kuomba kubadili matumizi, lakini maombi hayo hupelekwa halmashauri kabla ya kujenga, pamoja na kufuata kibali cha ujenzi, na kwa ardhi ya bonde mtu asitarajie kukubaliwa.

Shemeji yangu alisema mbele ya kikao cha familia kwamba mwalimu amekwenda kuzika fedha mtoni. Sikumjibu siku ile. Miaka imepita, na maneno yale bado yananiuma, hasa kwa kuwa yeye alikuwa shahidi wa kwanza kutia sahihi.

Ninawasikia watu wakisema kwamba mipango hii imewekwa ili kuwaonea wanyonge, na kwa muda mrefu nami nilisema hivyo. Hebu tuwe wakweli. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na waliookoka mabondeni wakahamishiwa Mabwepande kuanza maisha upya. Kizinga nao hushuka kutoka vilima vya Pugu hadi Mtoni, ambako mtambo huchota maji yake, huyasafisha na kuyasambaza majumbani. Shimo la choo cha nyumba yangu lingekaa juu ya maji hayo. Nilipolielewa hilo, niliona aibu kwamba nilikuwa nimeipigania haki yangu bila kuwafikiria watoto wa Temeke, ambao ni wanafunzi wangu mwenyewe. Tusiwalaumu maafisa kwa kulinda kile ambacho sisi tulipaswa kukilinda kwanza.

Kuta nilizibomoa mwenyewe kabla ya tarehe niliyopewa, nikaokoa matofali na nondo. Sehemu ya juu sasa ina matuta ya matembele na bamia, na mwaka 2021 nilihamia katika nyumba yangu iliyopo Chamazi, kwenye kiwanja kilichopimwa, chenye hati, ambacho mchoro wake niliuona kwa macho yangu kabla ya kutoa hata shilingi moja. Najivunia nyumba hiyo.

Dada yangu, usilipe hata kishika uchumba. Nenda manispaa, onyesha mahali eneo lilipo, uliza limepangiwa nini, na uombe jibu hilo kwa maandishi. Muuzaji akikuambia kwamba yupo mteja mwingine anayesubiri, mwache amuuzie huyo. Ukishapata karatasi hiyo, niandikie tena, tuisome pamoja.