Lebo ya unga wa ubuyu kwa soko la Ulaya

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasaga ubuyu Dodoma na nimepata mnunuzi Ujerumani. Lebo yangu inasema: "Siri ya afya. Huongeza kinga, hutibu vidonda vya tumbo, hushusha sukari." Ameikataa yote. Niandike nini?

Jibu: Ndugu yangu, usimlaumu. Yeye ndiye mwagizaji, na lebo ikikiuka sheria ni yeye atakayebanwa. Unga wenyewe hauna kasoro. Umoja wa Ulaya uliukubali mwaka 2008 kama "chakula kipya", yaani chakula ambacho hakikuzoeleka kule na lazima kiidhinishwe kabla ya kuuzwa. Kasoro iko kwenye maneno.

"Hutibu" lifute kabisa. Kule hakuna chakula kinachoruhusiwa kudai kinatibu au kuzuia ugonjwa, hata uwe na ushuhuda wa wateja mia. "Hushusha sukari" nalo halimo kwenye orodha ya madai yaliyoidhinishwa kwa ubuyu, na chini ya Kanuni 1924/2006, sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu madai ya lishe na afya kwenye vyakula, dai la afya lisilo kwenye orodha ni marufuku. "Siri ya afya" ni dai la jumla: huruhusiwa tu likiambatana na dai mahususi lililoidhinishwa.

Nguvu yako ni nyuzinyuzi. Gramu 3 kwa gramu 100 zinatosha kuandika "chanzo cha nyuzinyuzi", na gramu 6 "nyuzinyuzi nyingi". Ubuyu hupita hapo kwa mbali, kwa hiyo anza na dai hili.

Kuhusu kinga, dai lililoidhinishwa ni la vitamini C, si la ubuyu: "Vitamini C huchangia utendaji wa kawaida wa mfumo wa kinga." Unahitaji angalau miligramu 12 kwa gramu 100. Wengi hukwama hapa, kwa sababu hupima unga uliosagwa jana, ilhali vitamini C huharibika kwa joto, unyevu na mwanga. Kiasi hicho lazima kiwepo mpaka siku ya mwisho ya matumizi. Tena kijiko anachokula mteja nacho kiwe na kiasi cha maana, si gramu 100 pekee. Pima unga mpya, kisha pima tena uliokaa muda wote kwenye pakiti ileile utakayouzia, katika maabara yenye ithibati. Pakiti isiyopitisha mwanga wala unyevu itakuokolea mengi.

Ukiweka dai hilo, ongeza kiasi cha kula kwa siku na maelezo kwamba mlo kamili na mtindo bora wa maisha ni muhimu. Usichapishe mifuko kabla mnunuzi hajaona majibu ya maabara na kuidhinisha maneno ya Kijerumani; hata tafsiri inaweza kurudisha "hutibu" bila wewe kujua.