Kulaza viazi vya dalia kabla ya masika

Mwaka wa kwanza niliviacha ardhini. Mama mkubwa alinipa viazi saba vya dalia kutoka uani kwake Lushoto, nikateremka navyo hadi Tanga nimevipakata ndani ya basi, na kufikia mwezi wa nane uwanja wetu wa Makorora ulikuwa na maua mekundu makubwa kama visahani. Majirani walisimama kuuliza. Kisha masika yakaingia, na nilipochimba mwezi wa tano nilikuta uji mweusi unaonuka. Hakikusalimika hata kimoja. Niliumia sana, maana vile viazi mama mkubwa alivitunza miaka mingi.

(Siisemei dalia ile ya manjano ya kujipaka. Hii ni ya maua, ingawa sisi wa pwani tukilisikia jina hukumbuka kwanza ile nyingine.)

Maelekezo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanasema subiri jalidi, yaani baridi inayogandisha umande, iunguze majani, ndipo uchimbe viazi na kuvihifadhi ndani, kwa sababu huko udongo ukiganda navyo vinakufa. Tanga jalidi haipo. Dalia itaendelea kusukuma majani hadi mvua kubwa iikute haijalala, na hapo viazi vinaoza. Kwa hiyo huku usingizi unauleta wewe, kwa kuinyima maji.

Wala huitesi kwa kufanya hivyo. Asili yake ni milima ya Meksiko, ambako tangu 1963 ndiyo ua la taifa. Kule mvua zikikatika huja miezi mikavu yenye ubaridi. Shina hunyauka, na viazi hubaki chini vikisubiri mvua nyingine. Kukaa bila maji vimezoea. Kukaa ndani ya maji, hapana.

Mimi huacha kumwagilia mwishoni mwa Januari, kaskazi likiwa linavuma na jua ni kali. Majani yakishageuka njano nakata shina, nabakiza kama shubiri moja, kisha nasubiri wiki moja hivi. Hapo macho, yaani vinundu vinakotokea vichipukizi, huanza kuvimba na kuonekana. Nachimba kwa uma wa bustani, nikianzia mbali na shina kama sentimita 30, na kunyanyua fungu zima kutoka chini. Usivute kwa shina hata kidogo. Shingo ya kiazi cha dalia ni nyembamba, na ikivunjika, kiazi hicho hakitaota hata kiwe kinono namna gani.

Hili la shingo na macho ndilo lililonichukua muda kuelewa. Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, ukikata kipande popote penye jicho unapanda. Dalia si hivyo: macho yake yako juu tu, pale shingo inapokutana na shina. Mwaka wa pili niligawa mafungu yangu kwa haraka, nikapata viazi kumi na vinne vizuri vya kutazama, nikapanda vyote. Vilivyoota ni vitatu. Mama mkubwa alipokuja aliniambia nifukue vingine, akavigeuza mkononi kimoja kimoja. "Mwanangu, hiki hakina jicho. Na hiki hakina. Ulipanda chakula cha mchwa." Tangu siku hiyo, fungu nisilolionea macho vizuri siligawi. Nalihifadhi zima.

Kabla ya kuhifadhi, vikaushe kivulini siku mbili. Jua la Tanga litavikunja. Kisha nachukua unga wa makumbi ya nazi uliokauka kabisa, navifukia kwenye kikapu bila kugusana, nakiweka juu ya tofali kwenye chumba kisicho na joto sana. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko niliwahi kuijaribu. Vilitoa jasho, vikaota ukungu kabla ya wiki tatu. Joto linalovifaa hasa ni kati ya nyuzi 4 na 10, na nyumba ya pwani hailifikii, kwa hiyo vile ninavyovipenda zaidi navifunga kwenye gazeti na kuviweka droo ya mboga ya friji. Kila baada ya wiki mbili navipapasa. Kilicholainika nakitoa siku hiyohiyo, maana kimoja huozesha wenzake. Vikianza kukunjamana kama ngozi ya embe kuukuu, nanyunyizia unga ule maji kidogo sana.

Vya kwenye kikapu huweza kuchipua mwezi wa nne, mvua bado inanyesha. Hivyo navipanda kwenye makopo yaliyotobolewa, chini ya paa.

Mvua zikipungua, kuanzia Juni, navihamishia uwanjani: shimo la sentimita 10 hadi 15, mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, mahali penye jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane. Na hapa nakusihi: kiazi ambacho bado hakijachipua usikimwagilie. Hakina mizizi ya kunywa maji hayo, kitaoza tu. Unyevu uliobaki udongoni unakitosha. Maji yaanze chipukizi likishatokeza juu ya ardhi.

Mche ukifika jozi nne za majani nakata ncha ili utoe matawi, na nausimamishia mti mapema, nikiufunga kwa uzi wa katani. Maua huanza baada ya miezi miwili au mitatu.

Kama wiki nne zimepita na huoni kitu, fukua taratibu kwa vidole. Kiazi kikiwa kigumu na jicho lipo, kifukie tena ukiache. Mwaka jana kimoja changu kilikaa chini wiki saba, na ndicho kilichotoa ua la kwanza nililompelekea mama mkubwa Lushoto.