"Ufalme kamili", "udikteta" au "ufalme wa mabavu"?

SWALI: Nafundisha historia sekondari, na ninaandaa muhtasari wa Kiswahili kuhusu Ulaya ya karne ya 18. Utawala wa akina Louis wa Ufaransa nimekuta ukiitwa "ufalme kamili", kwingine "udikteta wa mfalme", kwingine "ufalme wa mabavu". Niandike lipi? Na je, ni sawa kusema "Bunge la Paris" lilimpinga mfalme?

JIBU: "Ufalme kamili" naukataa moja kwa moja. Tunasema saa mbili kamili, hesabu kamili. Mwanafunzi atadhani ni ufalme usiopungukiwa kitu, wenye kiti, taji na matarumbeta yake. Wanasheria wa Kirumi walisema mtawala "amefunguliwa" na sheria, kama mbuzi aliyekatwa kamba: anaitunga, lakini yeye haimfungi. Katika Kilatini neno lililotokana na kufungua huko, absolutus, lilibeba pia maana ya kukamilika, na nadhani hapo ndipo mfasiri alipoteleza.

"Udikteta" nao una kasoro yake. Dikteta wa Roma ya kale alipewa madaraka kwa dharura, yasizidi miezi sita. Madikteta wa karne ya 20 wengi waliyatwaa. Mfalme hurithi. Louis wa 15 alikalia kiti mwaka 1715 akiwa na umri wa miaka mitano, na jamaa yake, Philippe wa Orléans, ndiye aliyetawala kwa niaba yake. Mwite mtoto huyo dikteta darasani uone kama hawatacheka. "Imla" ingenivutia zaidi, maana kila aliyepita shule ya msingi anaijua: mwalimu anatamka, nyinyi mnaandika. Lakini "utawala wa kiimla" siku hizi humleta Mussolini wa Italia akilini kabla ya Louis yeyote.

"Mabavu" yanaeleza vitendo, hayaelezi haki. Mfalme wa Ufaransa alidai amepewa mamlaka na Mungu, na raia wake wengi waliamini hivyo. Mimi ningeandika "ufalme usio na mipaka", mkabala na "ufalme wa kikatiba". Ila mara ya kwanza ongeza maneno machache: kukosa mipaka lilikuwa dai la mfalme, si hali halisi ya kila siku.

Tukija kwenye Paris, hapo nakuomba sana usiandike "bunge". Chombo hicho Wafaransa walikiita Parlement, na sauti ya neno ndiyo inayotuponza. Kilikuwa mahakama. Waliokaa humo walikuwa mahakimu walionunua vyeo vyao, na mara nyingi waliwarithisha watoto wao. Amri mpya ya mfalme ilipelekwa kwao iingizwe daftarini, nao kabla ya kuiingiza waliweza kumwandikia pingamizi. Tarehe 3 Machi 1766 Louis wa 15 alikwenda mwenyewe kuwakemea, akisema mamlaka yote yamo katika nafsi yake peke yake. Mwaka 1771 waziri wake Maupeou akawafukuza Paris. Louis wa 16 akawarudisha 1774. Andika "Bunge la Paris" na mwanafunzi ataona wabunge, majimbo na kura, vitu ambavyo havikuwepo pale. "Mahakama Kuu ya Paris" inatosha.

Kilichokaribia bunge kilikuwa kile kikao cha matabaka matatu: makasisi, makabaila, na watu wengine wote. Hicho kiite "Baraza la Matabaka". Halikuitishwa tangu 1614 hadi 1789, na pengo hilo peke yake litawaeleza wanafunzi wako mengi kuhusu ufalme usio na mipaka.

Na kwa kuwa umegusa matabaka, hukuuliza lakini nalikuta kila mara katika madaftari: watu wanaandika "mabwanyenye" wakimaanisha watu wa ukoo bora wa Versailles, kwenye kasri la mfalme. Hao ni makabaila, au mamwinyi ukipenda. Bwanyenye ni mfanyabiashara, mwanasheria, mwenye mali asiye na ukoo wa kujivunia. Mwaka 1789 mabwanyenye walikaa upande wa tabaka la tatu, wakibishana na makabaila juu ya namna ya kuhesabu kura. Ukibadilisha maneno hayo mawili, umewahamisha viti.